Jibu la Mwalimu: Eneo Lifunikwe Kwanza, Kanuni Ije Baadaye

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: hesabu za eneo katika madarasa ya msingi. Nimechagua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa kuwa shina la matatizo mengine liko humo.

Shikamoo mwalimu. Nafundisha hisabati darasa la nne. Wanafunzi wangu wakiulizwa eneo la mstatili wanaitikia kwa pamoja "urefu mara upana", na jibu wanalipata. Lakini nikichora umbo lenye kona sita, lile linalofanana na herufi L, wengine wanazidisha kila namba wanayoiona na wengine wanazijumlisha zote. Nimerudia somo, hali ni ileile. Nianzie wapi?
*Mwalimu wa darasa la nne*

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Anzia kabla ya namba. Wanafunzi wako hawajashindwa kuzidisha. Hawajui wanachozidisha ni kitu gani. Mwite mmoja aliyepata 24 kwenye mstatili wa 6 kwa 4, umwambie akuonyeshe hizo 24 ziko wapi kwenye umbo. Usishangae akipitisha kidole kwenye mistari ya pembeni. Kwake eneo ni habari ya mistari, wala hajaona kwamba tunapima nafasi iliyozungukwa na mistari hiyo. Mtoto wa namna hiyo ukimpa L, yenye mistari sita, atafanya nini zaidi ya kuzikusanya namba zote?

Kwa hiyo weka rula kando kwa vipindi vichache, uwape kazi ya kufunika. Uso wa dawati ufunikwe kwa madaftari. Kikundi kimoja kitapata madaftari 9, kingine 11, na madawati yanalingana. Waulize kwa nini. Watabishana: hawa waliacha mapengo, wale madaftari yao yalipandana, wengine walichanganya madogo na makubwa. Masharti ya kupima eneo yote matatu yamo kwenye ubishi huo, yaani pasibaki pengo, vipande visipandane, na vipande viwe vya ukubwa mmoja. Usiwatangulie kuyasema. Wakiyatoa wenyewe, hutalazimika kuyarudia mwaka mzima.

Kikundi kimoja kipe vifuniko vya chupa badala ya madaftari. Watavipanga vizuri sana, vikigusana, na bado mbao ya dawati itaonekana kati ya kifuniko na kifuniko. Mtoto aliyeona hivyo anaelewa kwa nini tunapimia miraba na hatupimii duara.

Sasa hatua ambayo nakuomba usiiruke, maana vitabu vingi vinaipita mbio. Mpe kila mtoto mstatili uliochorwa, sentimita 6 kwa 4, ndani yake patupu, pamoja na kipande kimoja tu cha karatasi cha sentimita 1 kwa 1. Mwambie achore jinsi vipande kama hicho vitakavyoujaza mstatili wote. Usimpe karatasi ya grafu, kwa sababu karatasi ya grafu imeshamfanyia kazi yote na wewe hutajua anaona nini. Kisha pita katikati ya madawati uangalie michoro. Mmoja atapanga miraba kuzunguka ukingo wote, halafu abaki na uwazi katikati asijue aujaze vipi. Mwingine ataanza kushoto na miraba mikubwa, akifika kulia imekuwa midogo na imebanana. Wa tatu atachora mmoja mmoja: safu ya kwanza ina sita, ya pili saba, ya tatu tano, na yeye haoni shida yoyote. Na yupo atakayevuta mistari mirefu kutoka ukingo hadi ukingo, mitatu ya mlalo, mitano ya wima, amemaliza. Huyo wa mwisho ameiona safu. Wale wengine bado, na kanuni ya urefu mara upana haiwezi kuwa na maana kwao, kwa sababu urefu unasema safu moja ina miraba mingapi na upana unasema safu ziko ngapi.

Watafiti wa Australia, Lynne Outhred na Michael Mitchelmore, walichunguza michoro ya watoto ya aina hii na kuchapisha kazi yao mwaka 2000. Mmarekani Michael Battista naye alikuwa ameonyesha jambo hilohilo mwaka 1998 na wenzake: mpangilio wa safu ambao sisi wakubwa tunauona mara moja haumo kichwani mwa mtoto mpaka aujenge mwenyewe.

Namna ya kumsaidia aujenge ni rahisi. Nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la tatu, binti mkimya, aliyekuwa anahesabu miraba mmoja mmoja kwa ncha ya penseli. Umbo lilikuwa la miraba 7 kwa 5. Kila akifika ishirini na kitu anapotea, anarudi mwanzo. Nikachukua rula nikafunika safu zote, nikabakiza ya juu peke yake. Ziko ngapi? Saba. Nikaiteremsha rula safu moja. "Kumi na nne," akasema, na safari hii penseli haikugusa karatasi. Nikaiteremsha tena: ishirini na moja. Hapo akaichukua rula mkononi mwangu, akamaliza mwenyewe, ishirini na nane, thelathini na tano. Kisha akaigeuza karatasi upande, akaanza upya kwa kuhesabu tano tano, kuona kama atapata ileile. Kanuni ya kuzidisha ilikuwa imeshafika, na hakuna aliyeitaja.

Baada ya hapo rudi kwenye L yako. Chora iliyotokana na mstatili wa 8 kwa 6 uliokatwa kona ya 3 kwa 4. Wape mkasi, wakate walivyoona wenyewe. Anayekata kwa wima atapata 5 kwa 6 na 3 kwa 2, yaani 30 na 6. Anayekata kwa mlalo atapata 8 kwa 2 na 5 kwa 4, yaani 16 na 20. Na mjanja mmoja atairudisha kona iliyokatwa, apate 48, kisha atoe 12. Wote wana 36. Waite watatu hao ubaoni siku moja, kila mmoja aeleze njia yake, na darasa liulize maswali.

Mkuu wa taaluma akihoji mbona wiki imekwisha na kanuni hujaiandika ubaoni, mwonyeshe michoro ya watoto ya siku ya kwanza na ya siku ya mwisho.

Mwalimu, habari za kazi. Mwanangu ana miaka saba. Nilikata karatasi mbele yake vipande viwili, nikaviunganisha kwa urefu, akasema karatasi imekuwa kubwa. Nilipobisha akalia. Ana tatizo?
*Mama wa mtoto mmoja*

Hana tatizo lolote, mama. Umri wake ndio huo. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, aliwahi kuwapa watoto karatasi mbili za kijani zinazolingana, zikiwa ni malisho, kila moja ina ng'ombe wake. Akawa anaweka nyumba ndogo, moja huku na moja kule, kila mara idadi sawa. Tofauti ilikuwa moja: kwenye malisho ya kwanza nyumba zilibanwa pamoja, kwenye ya pili zilitawanywa. Watoto wadogo walikubali kwamba nyasi ni sawa nyumba zilipokuwa chache, lakini zilipoongezeka wakasema ng'ombe wa nyumba zilizotawanyika amebaki na nyasi kidogo. Macho yanawashinda. Mwanao naye ameona umbo limerefuka, akahitimisha limekua.

Kubishana hakumsaidii. Mpe karatasi mbili zinazolingana, azilaze moja juu ya nyingine ahakikishe. Moja aikate yeye mwenyewe, si wewe, atengeneze umbo analopenda: joka, nyumba, nyoka mrefu. Halafu mwambie aone kama vipande vitaweza kuifunika tena ile karatasi nzima. Vitaifunika. Fanyeni kama mchezo, siku nyingine tena kwa umbo jingine, bila mtihani wowote. Siku moja atakujibu kwa mshangao kwamba bila shaka ni sawa, hakuna kilichoongezwa.

Wanafunzi wangu wa darasa la tano wanachanganya mzingo na eneo kila mtihani. Nimewatungia hadi wimbo. Wimbo wanauimba vizuri, maswali wanakosa.
*Mwalimu aliyechoka*

Pole sana, na hongera kwa wimbo. Shida ni kwamba tunavifundisha vitu hivi viwili kwa umbo moja, kwa namba zilezile, siku ileile: mstatili wa 8 kwa 5, jumlisha huku, zidisha kule. Mtoto anabaki na vitendo viwili vya hesabu vya kukumbuka na hana sababu ya kuvitofautisha.

Wape uzi uliofungwa ncha kwa ncha, mzunguko wake sentimita 24, na karatasi yenye miraba ya sentimita 1. Uzi huo haubadiliki, kwa hiyo mzingo ni uleule siku nzima. Wautandaze kuwa mistatili ya kila namna na kuhesabu miraba iliyo ndani. Wa 11 kwa 1 unashika miraba 11. Wa 10 kwa 2 unashika 20, wa 9 kwa 3 unashika 27, wa 8 kwa 4 unashika 32, wa 7 kwa 5 unashika 35, na mraba wa 6 kwa 6 unashika 36. Uzi mmoja, na nafasi imeongezeka zaidi ya mara tatu! Acha wazungumze juu ya hilo kabla hujasema neno.

Kesho yake geuza kazi. Kila kikundi kipewe vipande 24 vya mraba, vyote vitumike, viwe mistatili tofauti. Wa 24 kwa 1 una mzingo wa 50. Wa 12 kwa 2 una 28, wa 8 kwa 3 una 22, wa 6 kwa 4 una 20. Eneo limesimama, mzingo unapanda na kushuka. Mwanafunzi aliyefanya kazi hizi mbili kwa mikono yake ana kitu cha kukumbuka mbele ya karatasi ya mtihani.

Na kitu kimoja cha kuangalia unapotunga mifano. Mraba wa 4 kwa 4 una eneo la 16 na mzingo wa 16. Mstatili wa 6 kwa 3 una 18 na 18. Kwa pande za namba nzima ni hiyo miwili tu yenye tabia hiyo, na ni ajabu jinsi inavyopenda kuchaguliwa kwa mifano ya mwanzo. Mtoto akikosea njia bado anapata jibu sahihi, na wewe unamwekea vema. Ikwepe wiki za mwanzo. Baadaye, wakiwa wameimarika, wape kama fumbo waitafute wenyewe.

Mwalimu, darasa langu lina wanafunzi wengi mno na zana sina. Tena wote wanaamini mita ya mraba moja ni sentimita za mraba 100. Nisaidie.
*Mwalimu wa darasa la sita*

Kwa somo hili wingi wao utakufaa. Unahitaji magazeti ya zamani, gundi na rula. Kila mwanafunzi akate mraba wa sentimita 10 kwa 10 na achore ndani yake mistari ya kila sentimita. Wakiwa 50, kila mmoja akate miwili, ili mpate miraba 100. Kila mraba una sentimita za mraba 100, na wataziona kwa sababu wamezichora kwa mikono yao. Kisha mkae sakafuni muigundishe, safu kumi, kila safu miraba kumi. Kinachotokea ni mita ya mraba moja kamili. Waulize sasa: zile sentimita za mraba 100 tulizozisema ziko wapi? Watakuonyesha kile kipande kimoja walichokata. Na vipande viko 100. Elfu kumi itatoka vinywani mwao.

Msiitupe. Itundikeni ukutani. Siku nyingine mwulize mwanafunzi akadirie sakafu ya darasa inaingia mita za mraba ngapi kama ile, kabla ya kupima. Makadirio ya kwanza huwa mbali sana, na ni kawaida. Ya wiki ya tatu huwa yamekaribia, na mimi naithamini hiyo kuliko hesabu kumi za kitabuni, maana mtoto huyo ana kipimo kichwani. Darasa la sita pia wanaweza kutoka nje, wakapima mita 100 kila upande uwanjani kama nafasi ipo, wakatembea kona hadi kona. Hiyo ni hekta, mita za mraba 10,000. Ekari ni pungufu ya nusu ya hapo, kama mita za mraba 4,047.

Binti yangu amepewa kazi ya kupima eneo la jani. Jani halina urefu wala upana wa kueleweka. Mimi mwenyewe nimekwama. Tuzidishe nini na nini?
*Baba wa darasa la tano*

Msizidishe chochote, baba. Mwalimu wake amempa kazi nzuri sana. Jani lilazwe juu ya karatasi yenye miraba ya sentimita 1, lizungushiwe penseli, liondolewe. Kwanza binti ahesabu miraba iliyo ndani kabisa. Tuseme ni 31. Kisha ahesabu na ile iliyoguswa na ukingo, hata kama imeguswa kidogo tu. Tuseme hiyo ni 28, ukijumlisha na ile ya ndani unapata 59. Sasa mna jambo la hakika: eneo la jani limezidi 31 na halijafika 59. Kwa makadirio chukueni nusu ya ile ya ukingoni, 14, muongeze kwenye 31. Jani lina kama sentimita za mraba 45.

Binti akiuliza kama 45 ni sahihi kabisa, mfurahie, ameuliza swali kubwa. Igaweni miraba katika minne minne, kila mmoja wa nusu sentimita kwa nusu sentimita, mhesabu upya. Miraba hii midogo minne ndiyo sentimita ya mraba moja, kwa hiyo majibu yagawanywe kwa 4. Mtaona namba ya chini imepanda, ya juu imeshuka, na jani limebanwa katikati kwa karibu zaidi.

Na tafadhali andikeni "kama" au "takriban" mbele ya jibu. Kuna walimu wanaolikata neno hilo kwa kalamu nyekundu, nami sikubaliani nao hata kidogo. Kipimo cha jani ni makadirio, na mtoto aliyekiita makadirio amesema kweli.

Nina mwanafunzi wa darasa la sita anayemaliza kila kazi ya eneo kabla sijakaa. Pia ameniuliza kwa nini pembetatu tunagawa kwa mbili, nikamwambia ndiyo kanuni. Hakuridhika, na mimi sikuridhika. Nimpe nini?
*Mwalimu kijana*

Tuanze na pembetatu. Achore pembetatu yoyote yenye pembe kali, halafu aizungushie mstatili unaokaa juu ya kitako chake na kugusa kileleni. Ateremshe kimo kutoka kileleni hadi kwenye kitako. Mstatili mkubwa umekuwa mistatili miwili, na kila mmoja umekatwa katikati na upande wa pembetatu kutoka kona hadi kona. Nusu ya huu na nusu ya ule ni nusu ya wote. Akate zile pembetatu mbili za nje, azilaze juu ya ile ya ndani, zitaifunika. Kisha muulize kama mambo ni yaleyale kileleni kukitoka nje ya kitako. Hiyo itamkalisha.

Akirudi mapema, mpe swali ambalo Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anaeleza kwamba mwalimu wake Socrates alimwuliza mtumwa kijana ambaye hakuwahi kufundishwa jiometri. Kuna mraba wenye upande wa 2, eneo lake ni 4. Chora mraba wenye eneo mara mbili, yaani 8. Yule kijana alijibu upande uwe 4, naye mwanafunzi wako huenda akajibu hivyohivyo. Mwache achore, aone amepata 16. Atasema 3, atapata 9. Hapo ndipo anapokuwa na hamu, na hapo ndipo mwalimu anapotamani kumwambia jibu. Usimwambie.

Mpe karatasi ya mraba. Akunje kona zote nne zikutane katikati. Amepata mraba mdogo, na pembetatu nne alizokunja zimelala juu yake, zimeufunika wote. Mwulize mraba huo ni sehemu gani ya karatasi nzima, na akishasema nusu, akuonyeshe upande wa ile karatasi kubwa umekuwa mstari gani kwenye ule mdogo. Kuanzia hapo anaweza kurudi kwenye mraba wake wa eneo la 4 akiwa na penseli peke yake.